Adui auawe au aachwe hai? Barua zenu na majibu yangu

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba muvi za masupahiro zinaua maadui wao haraka mno na zinajinyima hadithi, halafu nikaendelea na mambo mengine. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi, wengine mnaniunga mkono, wengine mmenijia juu kweli kweli, kwaiyo safu yote ya leo nimeiachia mada hii. Tahadhari: humu nataja mwisho wa muvi nyingi sana, kama kuna ambayo hujaiona na hutaki kujua nani anakufa, ruka hiyo aya uende inayofuata.

Kila adui ninayempenda anakufa

*Dada mhariri, shikamoo. Mi shida yangu ni moja. Kila muvi ikiniletea adui mwenye akili, mwenye hoja, mtu unamwelewa kabisa kwanini kawa hivo, ujue dakika ishirini za mwisho anakufa. Killmonger wa Black Panther kafa. Doctor Octopus wa Spider-Man kafa. Wenwu wa Shang-Chi kafa. Kwanini wanafanya hivi, ni sheria? Msomaji wenu wa siku nyingi.*

Marahaba mdogo wangu. Si sheria, na cha ajabu huko walikotoka hawa watu, kwenye vitabu vya katuni, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mchukue Joker. Alitokea mwaka 1940 kwenye toleo la kwanza la kitabu kilichobeba jina la Batman, na waliomtengeneza walishapanga afe humohumo, anajichoma kisu chake mwenyewe kwenye purukushani na habari yake inaishia hapo. Mhariri wao Whitney Ellsworth ndo aliyekataa, akaagiza iongezwe picha moja mwishoni kuonyesha kwamba jamaa bado anapumua. Picha moja! Bila hiyo picha hatumpati Joker wa Jack Nicholson, hatumpati wa Heath Ledger, hatumpati wa Joaquin Phoenix. Ellsworth aliijua biashara yake, kitabu kingine kinakuja na Batman atahitaji mtu wa kupambana naye.

Muvi ni biashara nyingine. Ya kwanza ikitoka hakuna anayejua kama ya pili itakuwepo, na hata ikiwepo ni miaka miwili mitatu mbele, mwigizaji mkubwa ni ghali na huenda asirudi, halafu mtazamaji aliyekaa masaa mawili anataka atoke ukumbini akijua imeisha. Kwaiyo kwenye Batman ya 1989 Joker anaanguka kutoka juu ya kanisa anakufa, 1992 Penguin naye anaenda, 1995 Two-Face naye anaenda, na mi naona hapo ndo mazoea yalipokomaa, yaani adui mmoja muvi moja, tukimaliza tunazika. Marvel walipoanza na Iron Man mwaka 2008 wakaingia njia ileile, Obadiah Stane kafa, muvi ya pili Ivan Vanko kafa, ya tatu Killian kafa. Tony Stark, yaani Iron Man mwenyewe, kwa muvi tatu za jina lake hakubakiwa na adui hata mmoja wa maana wa kumjua vizuri, ukiacha Justin Hammer aliyekamatwa na polisi.

Ila sasa nikwambie kitu ambacho labda hukukitarajia. Kwenye orodha yako, Killmonger mi namtetea afe. Kumbuka ile sini yenyewe, T'Challa, mfalme wa Wakanda na ndo Black Panther mwenyewe, keshamchoma, anambeba mpaka nje akaone jua la Wakanda linavozama kwasababu baba yake Killmonger alimwahidi siku moja atamwonyesha uzuri wa Wakanda, na pale T'Challa anamwambia pengine bado tunaweza kukutibu. Anakataa. Anasema ya nini, ili mnifunge? Anaomba azikwe baharini pamoja na wale mababu walioruka kutoka kwenye meli za watumwa kwasababu kifo walikiona afadhali kuliko minyororo. Halafu anachomoa ule upanga mwenyewe. Kile kifo ni uamuzi wake, kinafanana na kila alichosema tangu muvi inaanza, na hakiishii hapo, kwasababu T'Challa anaenda Oakland kununua majengo palepale baba yake Killmonger alipouawa na kufungua kituo kwa ajili ya watu ambao Killmonger alikuwa anawalilia. Adui kashindwa vita na kashinda ubishi. Ungemweka jela ungeipoteza hiyo yote.

Kwaiyo kilio chako nakielewa ila nakigeuza kidogo. Kufa siyo tatizo. Tatizo ni wale wanaokufa kwasababu tu muda umeisha. Malekith wa ile Thor ya 2013, niambie ukweli, kifo chake kilimbadilisha nani? Hakuna. Thor aliamka kesho yake yuleyule.

Superman kuvunja shingo

*Dada, mi ni shabiki wa Superman tangu mtoto. Man of Steel niliangalia mpaka anapomvunja adui yake Zod shingo nikasimama nikatoka. Superman haui! Mwenzangu tuliyeenda naye akasema eti angefanyaje sasa, familia ilikuwa inakaribia kuunguzwa na yale macho ya moto ya Zod. Tumebishana tangu 2013 mpaka leo. Tuamulie.*

Kaka yangu, nitakuudhi wewe na mwenzako wote wawili. Mwenzako yuko sahihi kwamba pale ndani ya ile stesheni, vile sini ilivyojengwa, hakuna njia nyingine, Zod kasema mwenyewe kwamba hataacha, macho yanasogea kuelekea kwa wale watu, Superman anamwomba aache na jamaa haachi. Na wewe uko sahihi kwamba mwandishi ndo aliyejenga ule ukuta, angeweza kuweka mlango akaamua asiweke. Ila kilichoniuma mi siyo ile shingo. Ni kilichofuata. Anapiga ukelele mmoja wa uchungu, Lois anamkumbatia, tunalia wote, halafu sini inayokuja tunamwona kaiangusha ndege ya upelelezi ya jeshi mbele ya jenerali na mambo yanaenda kiutaniutani, na baada ya muda kidogo kavaa miwani anaanza kazi ya gazeti. Sasa ule ukelele ulienda wapi?

Linganisha na vitabu. Siyo kweli kwamba Superman hajawahi kuua, maana mwaka 1988 mwandishi John Byrne alimwandika akiwaua wahalifu watatu wa Krypton, sayari alikozaliwa, kutoka ulimwengu mwingine, Zod akiwemo, waliokuwa wameangamiza watu wote wa Dunia ya kwao. Aliwaua kwa kryptonite ya kijani, yale mawe yanayowadhuru watu wa Krypton, kwa makusudi, kama hakimu. Na lile jambo likamla. Lilimla mpaka akaona hafai tena kukaa na watu, akaondoka duniani kabisa akaenda kutangatanga angani, na hiyo hadithi ikaendelea toleo baada ya toleo. Unaweza kulipenda au kulichukia ila huwezi kusema mwandishi alilichukulia poa. Mtu anayeshika thamani ya uhai namna ile akiua, lazima tumwone akishindwa kula, akishindwa kulala, akishindwa kumtazama mama yake usoni. Man of Steel ilikuwa na Martha Kent palepale na haikumpa hata dakika moja ya kukaa na mwanaye kuongelea kile kitu. Hilo ndo kosa, na mi bado naumia nalo kwasababu sini yenyewe Henry Cavill aliibeba vizuri mno.

Acheni huruma, Joker auawe

*Dada kwa heshima zote, hii huruma yenu ndo inanikera. Joker anaua watu, Batman anamkamata, anampeleka Arkham, ile hospitali ya kufungia wahalifu vichaa, anatoroka, anaua tena wengi zaidi. Hao waliokufa mara ya pili damu yao iko kwa nani? Mi naona Batman anajali usafi wa mikono yake kuliko maisha ya watu. Nijibu bila kuzungukazunguka.*

Sizunguki. Hoja yako ndo ngumu kuliko zote zilizokuja na sidhani kama kuna mtu ameshaijibu kikamilifu, hata Batman mwenyewe aliulizwa akapata shida. Mwaka 1988 kampuni ya DC iliwapa wasomaji namba mbili za simu wapige kura, Jason Todd, yule Robin wa pili, msaidizi kijana wa Batman, apone kipigo na bomu la Joker au afe. Kura 5,343 zilisema afe, 5,271 zilisema apone. Kura 72 zikamuua mtoto! Joker hakupigiwa kura na mtu, yeye alijulikana tu kwamba ataishi. Baadae sana Jason akarudishwa kwenye hadithi akiwa mkubwa, na swali alilomwuliza Batman ndo lako hilihili, kwamba sikulaumu kwa kushindwa kuniokoa, nakulaumu kwa kuwa yeye bado anapumua. Na Batman jibu lake, kwa maneno yangu, ni kwamba siyo kwamba kumuua ni kugumu, kungekuwa kurahisi mno, na nikishaingia huko sitoki.

Mi hilo jibu nalikubali nusu. Nusu ninayoikubali ni kwamba mtu anayezunguka usiku kaficha uso, bila mahakama, bila wa kumwuliza, ana mpaka mmoja tu unaomtofautisha na anaowawinda, akiufuta hakuna wa kumrudisha. Nusu nisiyoikubali ni kwamba ndugu wa marehemu hilo jibu haliwasaidii kitu. Lakini angalia hapa kaka: mlango wa Arkham nani anaufungua kila mara? Ni waandishi. Joker anauza, kwaiyo jela lazima ivuje. Wewe unamdai Batman deni ambalo kakopeshwa na watu wa mauzo. Kwenye vitabu vinavyotoka miaka na miaka hilo deni halina mwisho, nakubali kabisa linachosha. Kwenye muvi lakini hakuna sababu jela ivuje. Muvi ni masaa mawili, ukimfunga mtu mwishoni kafungwa.

Na kama atatoroka, basi kutoroka kwenyewe kuwe na akili na kuwe na uzito. Magneto, adui anayeamrisha chuma bila kukigusa, mwisho wa X-Men ya mwaka 2000 kawekwa kwenye jela ya plastiki tupu, hamna chuma popote, anacheza chesi na Xavier. Muvi ya pili, 2003, anatokaje? Mwenzake Mystique anamlewesha mlinzi na kumdunga madini ya chuma kwenye damu, mlinzi anaingia kazini kama kawaida, na Magneto anakivuta kile chuma kutoka mwilini mwake. Sini fupi ya kutisha ambayo mpaka leo nikiiwaza nasisimka. Angekuwa kauawa muvi ya kwanza tungeikosa hiyo, na tungekosa lile la muhimu zaidi, kwamba yeye na Xavier ni marafiki waliokosana na kila mmoja anaamini mwenzake atakuja kuelewa siku moja.

Halafu itazame upya The Dark Knight ya 2008, kwasababu ina majibu yote mawili ndani ya muvi moja. Joker anaanguka kutoka ghorofani, anacheka, amefurahi, anataka afe kwa mkono wa Batman kwasababu hapo atakuwa amethibitisha kila alichosema kuhusu binadamu. Batman anamdaka kwa kamba. Kumdaka ndo kumshinda! Ile kicheko akiwa ananing'inia kichwa chini ni ya mtu ambaye hajapewa alichokuja kukitafuta. Dakika chache mbele, Harvey Dent, mwendesha mashtaka aliyegeuka muuaji, kamshika mtoto wa Gordon wa polisi na bastola, Batman anajirusha kumwokoa mtoto, Harvey anaanguka, anakufa. Sasa ona tofauti. Kifo cha Harvey kinamgharimu Batman jina lake, anabeba lawama za mauaji yote ya Harvey, anawindwa na polisi na mbwa, na muvi inayofuata inatukuta miaka minane baadae bado anachechemea ndani ya nyumba yake. Kuna anayeachwa hai na kuna anayekufa, na vyote viwili vina sababu. Nakuomba uirudie ukiwa na hilo kichwani.

Jambo moja la huzuni niliongeze. Joker yule aliachwa hai ila hatukumwona tena, kwasababu Heath Ledger alifariki Januari 2008, miezi sita kabla muvi haijatoka. Muvi ya 2012 haikumtaja kabisa, na mi nashukuru hawakujaribu kumweka mtu mwingine pale.

Kutomwokoa ni sawa na kumuua?

*Mhariri, kwenye Batman Begins jamaa anamwacha Ra's al Ghul kwenye treni inayoenda kugonga na anaruka zake. Anasema hamuui ila si lazima amwokoe. Hiyo ni haki kweli au ni ujanja?*

Ni ujanja, na ni ujanja ambao hizi muvi zimeutumia mpaka umechakaa. Stelingi mikono misafi, adui maiti, kila mtu anarudi nyumbani ameridhika. Adui anaanguka mwenyewe, anachomwa na silaha yake mwenyewe, jengo linamporomokea, treni inamgonga. Ukihesabu wangapi wamekufa hivo utashangaa. Na yule Batman wa 2005 ndo alihusika kuhakikisha ile reli haipo tena, Gordon alipewa kazi ya kuivunja, halafu unaniambia hakumuua?

Aliyelifanya jambo hilihili kwa ukweli ni mtu ambaye wengi hawamtarajii, ni Aquaman ya 2018. Mwanzoni Arthur, yaani Aquaman, yuko ndani ya nyambizi na maharamia, mmoja kabanwa chini, mwanaye anamwomba Arthur amsaidie kumtoa baba yake, maji yanaingia. Arthur anakataa, anawaambia wakaombe huruma kwa bahari, anaondoka. Yule kijana ndo anakuja kuwa Black Manta, na anamwandama muvi nzima, na Arthur anafika mahali anakiri kwamba alimtengeneza adui kwa mikono yake. Kisha mwishoni, akiwa na mdogo wake Orm chini ya mkuki wake, anamwacha hai. Umeona mnyororo? Alijifunza. Na muvi ya pili, 2023, Orm anatolewa jela na wanapigana upande mmoja. Ile siyo muvi ya kina sana, nakubali, ila kwenye hili iliwazidi wakubwa.

Mtoto wangu kaniuliza

*Mama wa watoto wawili hapa. Tumeangalia ile Spider-Man ya 2021 inayorudisha maadui wa zamani. Mwanangu wa miaka tisa akaniuliza, mama, kwanini anawasaidia watu wabaya? Nikakosa jibu. Nimjibuje?*

Mama, mwambie wale watu wabaya walikuwa wagonjwa. Na siyo kumdanganya, muvi yenyewe ndo inasema hivo, Norman Osborn, yule Green Goblin, ile dawa ilimharibu akili, Otto, yaani Doctor Octopus, wale mikono ya chuma walimtawala baada ya kile kifaa cha shingoni kuungua. Peter, yaani Spider-Man, anaambiwa akiwarudisha makwao wengine wanarudi kufa palepale walipotolewa, na shangazi yake May anamwambia hiyo siyo sawa, wasaidie kwanza. Halafu mwambie mwanao ukweli wote, kwamba ile huruma ilimgharimu Peter, shangazi May aliuawa na Norman, na pale mwishoni Peter alitaka kabisa kumchoma Norman na ile ndege yake, Peter mwenzake mkubwa, yule Spider-Man wa zile muvi za zamani, akaja akasimama katikati akaizuia kwa mikono. Hakumwambia neno hata moja. Yeye alishamwona Norman wa kwake akifa mwaka 2002 na anajua kilichofuata, rafiki yake Harry, mtoto wa Norman, alimchukia mpaka nusura wauane.

Watoto wanaelewa hii kuliko tunavodhani. Mwulize wewe sasa, ungekuwa wewe ungewasaidia? Msikilize atakavokujibu.

Kifo kizuri kuliko vyote

*Dada fupi tu: kifo gani cha adui unakipenda kuliko vyote?*

Doctor Octopus wa Spider-Man 2 ya 2004. Alfred Molina. Anarudiwa na akili yake, anaizamisha ile mashine mtoni na yeye akiwa nayo, kwasababu yeye ndo aliyeiwasha. Huwa nalia, na nitalia tena.

Wanakufa wanarudi

*Loki kafa mara ngapi? Mi siku hizi mtu akifa kwenye muvi hizi silii, nasubiri trela inayokuja.*

Nakuelewa na inaniuma. Loki aliachia mkono akaangukia angani 2011 tukadhani basi, 2013 akafa mikononi mwa kaka yake kumbe anaigiza, 2018 Thanos akamnyonga kweli, 2021 akapata tamthilia yake kwasababu kuna Loki mwingine wa wakati mwingine aliyetoroka. Tamthilia yenyewe ni nzuri, siisemi vibaya, ila kila mlango kama huo ukifunguliwa vifo vyote vya nyuma vinapungua uzito kidogo. Kwenye katuni Green Goblin alikufa 1973, toleo moja tu baada ya kumuua Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, na akakaa kaburini mpaka 1996. Miaka 23! Waliosoma wakiwa watoto walikuwa na watoto wao. Kurudi kwake kuliwagawanya wasomaji ila angalau kifo kilikuwa kimeheshimiwa kwa muda.

Na kurudi kwa aliyekufa siyo lazima kuwe uongo. Killmonger yule tuliyemwongelea juu alirudi 2022 kwenye Wakanda Forever, ila alirudi kama mzimu. Shuri, mdogo wake T'Challa, kampoteza kaka yake, na sisi tulishampoteza Chadwick Boseman aliyemwigiza T'Challa, 2020, kwaiyo ule msiba ulikuwa wa kweli kabisa, kampoteza na mama yake, anakunywa dawa ya kwenda kwa mababu akitarajia kumwona mama, anamkuta Killmonger kwenye kile kiti. Killmonger anamwuliza utakuwa kama kaka yako au kama mimi. Na mwisho wa muvi Shuri anamwacha Namor hai, mtu aliyemuua mama yake. Adui kabaki amekufa na bado anafanya kazi.

Naandika skripti, nimuue?

*Dada shikamoo. Naandika muvi fupi ya supahiro, mwenyewe na marafiki zangu. Adui wangu ni kaka wa stelingi. Nina mwisho wa aina mbili, mmoja anakufa, mwingine anafungwa. Wenzangu wanataka afe kwasababu inapendeza kushuti. Nichague upi?*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Usichague kwanza. Andika asubuhi yake. Yaani andika ukurasa mmoja wa kesho yake kwa mwisho wa kwanza na ukurasa mmoja kwa mwisho wa pili. Stelingi kaamka, kaka yake kafa, ana mama? Anamwambia nini mama? Nani kaenda kuchukua mwili? Halafu ule mwingine, kaka yake yuko ndani, siku ya kutembelea wafungwa imefika, ataenda au hataenda, na akienda anaanza na neno gani. Utaona ukurasa mmoja unaandikika wenyewe na mwingine unakwama.

Ukikwama kwenye ule wa kifo, ujue kifo chako kilikuwa cha kushuti tu. Kumbuka Avengers ya 2019, Thor anamkata Thanos kichwa mwanzoni kabisa mwa muvi, pale tulidhani ndo tunachokitaka wote, na hakuna kilichorudi, nusu ya watu aliowafuta Thanos bado hawapo, yale mawe yenye nguvu ya kuwarudisha yameshaharibiwa, na Thor anatoka nje ya ile nyumba kama mtu aliyepotea. Miaka mitano mbele tunamkuta kajifungia ndani na bia. Kile kichwa kilikatwa kwa sekunde moja ila walimwandika Thor wa baada yake kwa muvi nzima.

Ukiona ule wa jela ndo unaokwama, muue, ila basi mkono wa stelingi uwepo. Usimwangushie jengo. Ni kaka yake, awe karibu naye, amsikie anavopumua.

Na hao marafiki zako waambie kutembelea jela nako kunapendeza kushuti, meza moja, watu wawili, kioo katikati, taa moja. Gharama yake ndogo kuliko ya mapigano. Hizo kurasa mbili ukimaliza nitumie, nitazisoma.